Damu chooni, bawasiri na jeni za saratani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Hizo jeni zinazosukuma saratani ni kitu gani?
Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli. KRAS, kwa mfano, huiamuru seli igawanyike, kisha hunyamaza. Ikiharibika hainyamazi tena, na uvimbe unakua. Katika saratani ya utumbo mpana, wagonjwa kama 40 kwa kila 100 wana KRAS iliyoharibika. Mara nyingi uharibifu huo hutokea ukubwani, ndani ya utumbo wenyewe. Hukurogwa.

Kuzijua kunasaidia nini kwenye matibabu?
Kunasaidia sana pale saratani imeshasambaa. Dawa za setuksimabu na panitumumabu huziba mlango uitwao EGFR ulio juu ya seli, unaopitisha amri ya kugawanyika. KRAS au jeni ndugu yake NRAS ikiwa imeharibika, amri inatoka ndani, na kuziba mlango peke yake hakufui dafu. Mgonjwa anaambulia vipele usoni na familia imeshauza kiwanja. Kwa hiyo kipimo kwanza, dawa baadaye. Pia wapo wachache ambao seli zao zimeshindwa kurekebisha makosa ya vinasaba. Hao pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, huweza kuwafaa kuliko kemotherapi.

Basi nipime jeni, niachane na kolonoskopi, ile kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana?
Hapana. Jeni za uvimbe kwa kawaida hupimwa kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe huo. Bila kamera hakuna kinyama.

Lakini damu yangu ni ya bawasiri tu, si ndiyo?
Hujui. Na mimi sijui, mpaka upimwe. Swali hili ndilo linaloniuma. Wagonjwa wanakuja na mfuko wa plastiki: mirija mitatu ya dawa ya kupaka iliyokamuliwa hadi mwisho, chupa ya soda yenye mizizi, vidonge vya kuongeza damu. Mwaka mzima wa "bawasiri", na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa glavu akampima kwa kidole. Uvimbe ulio chini kwenye puru mara nyingi kidole kinaugusa! Ni kipimo cha dakika moja.

Nimetumia mitishamba, damu imekatika. Nimepona?
Hapana. Damu ya saratani huja na kukatika, ikarudi tena. Kukatika kwa damu si kipimo. Nenda kapimwe.

Nina miaka 34 tu.
Nenda kapimwe. Vijana wanaugua pia. Na kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani hii, mwambie daktari bila kuulizwa, hasa kama aliugua kabla ya miaka 50, maana hapo ndipo jeni za kurithi huingia.

Bawasiri ninayo kweli, daktari aliiona.
Unaweza kuwa nayo, na uvimbe ukawa juu yake. Choo kikibadilika, ukipungua uzito, ukiishiwa damu, rudi. Usingoje dawa ya kupaka iishe.

Nikifika hospitali niseme nini?
Sema hivi: "Natokwa na damu nikienda haja kubwa, tangu mwezi fulani. Naomba nipimwe njia ya haja kubwa." Ukiandikiwa dawa ya kupaka bila kuguswa, uliza kwa adabu kipimo ni lini. Na ukikatwa kinyama, omba nakala ya majibu na uitunze; siku ya kupima jeni, wataalamu watatafuta kinyama hicho hicho maabara.