Je, wajua kwa nini mwalimu wa hesabu husomea hesabu na ualimu kwa pamoja?

Kijana wa jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, amepata diplomi yake ya Serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, opsio (mchepuo) ya matematiki na fizikia, na sasa ana fomu mbili mezani. Moja ni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kule Kasapa. Nyingine ni ya ISP, taasisi ya juu ya ualimu. Juzi alinikuta nimekaa mlangoni akaniuliza: "Yaya, mimi nataka kufundisha hesabu. Si nisome hesabu tu? Hiyo saikolojia ya watoto itanifaa nini kwenye integrali?" (Kwetu Lubumbashi yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto, ndugu wa pwani wasishtuke.)

Sikumcheka. Nami niliwahi kuuliza hivyohivyo, na kwa kiburi zaidi.

Kongo kuna njia mbili za kufika mbele ya ubao wa sekondari ukiwa na karatasi halali. ISP inakufundisha hesabu na ualimu pamoja tangu mwaka wa kwanza: leo aljebra, kesho didaktiki, yaani namna ya kufundisha somo lenyewe. Zamani zilikuwa miaka 3 ya gradua, shahada ya kwanza, kisha 2 ya lisansi juu yake. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimekuwa vikihamia mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambamo lisansi ni miaka 3 yenye kredi 180. Njia ya pili ni ya chuo kikuu: unasoma hesabu kama mwanahesabu, halafu unaongeza agregasio, yaani masomo ya ualimu pamoja na staji (mazoezi ya kufundisha shuleni), sambamba na miaka ya mwisho au baada ya kumaliza.

Agregasio tuliirithi kwa Wabelgiji, kama chuo chenyewe kilichofunguliwa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Kwao pia tulipata maneno ya Kifaransa septante (70) na nonante (90). Mfaransa wa Paris akitaka kusema 70 husema sitini na kumi, na 90 kwake ni ishirini mara nne na kumi. Huo ni urithi mmoja ninaoupenda, maana mtoto wa Katuba anayejifunza kuhesabu kwa Kifaransa ana shida za kutosha tayari.

Sasa, njia zote mbili zinalazimisha ualimu. Kwa nini? Anayejua kingi si anaweza kufundisha kidogo? Hapo ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe, siku ya tatu ya staji, darasa la saba, watoto zaidi ya 50.

Niliwaandikia ubaoni 1/2 + 1/3. Kijana mmoja wa benchi la mbele akaja, akaandika 2/5 bila kusita. Nikafuta. Nikaonyesha kanuni: tafuta asili ya pamoja, ni 6, kwa hiyo 3/6 + 2/6, jibu 5/6. Wote wakanakili, nikaridhika. Mwalimu mwenye darasa, aliyekuwa nyuma akinipima na daftari lake, aliniandikia kwenye fishi, karatasi ya maandalizi ya somo, kwa kalamu nyekundu: "Hukumuuliza ameitoa wapi." Nilikasirika kidogo. Ameitoa wapi? Amejumlisha juu na juu, chini na chini, nani asiyeona?

Kesho yake nikamuuliza hata hivyo. Akafungua daftari, akanitolea karatasi yake ya interogasio, yaani jaribio la darasani. Swali la kwanza alikuwa amepata 1/2. La pili 1/3. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mwalimu, jumla: 2/5.

Nilinyamaza. Mtoto hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameona walimu wake wakijumlisha hivyo tangu darasa la kwanza, kila wiki, kwa wino mwekundu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pointi na sehemu ni vitu viwili vinavyoandikwa kwa mavazi yaleyale. Ukipata pointi 1 kati ya 2, kisha 1 kati ya 3, ni kweli umepata 2 kati ya 5: kila swali lina kipimo chake, na vipimo vyenyewe vinaongezeka. Lakini nusu ya mkate na theluthi ya mkate ni vya mkate mmoja uleule. Kipimo hakiongezeki. Basi 2/5 haiwezekani, na kuna njia fupi ya kumwonyesha mtoto bila kanuni yoyote: 1/2 ni 0,5 na 2/5 ni 0,4. Ulikuwa na nusu ya mkate, ukaongezewa kipande, ukabaki na kidogo kuliko mwanzo. Nani amekula?

Nilimsimulia kijana wangu hadi hapa, akasema: "Sawa, yaya, lakini hiyo ni akili ya kawaida, si hesabu ya chuo kikuu." Ndiyo maana nikamwendeleza mbele kidogo. Kile alichofanya mtoto, kujumlisha juu na juu, chini na chini, kina jina katika nadharia ya namba: medianti. Ukichukua sehemu mbili chanya zisizolingana, medianti yake daima huangukia mahali fulani kati yao. 2/5 kweli imekaa kati ya 1/3 na 1/2. Mwaka 1816 Mwingereza John Farey, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma miamba (mji wa shaba kama wetu utafurahi kusikia hilo), aliandika juu ya tabia hii ya sehemu zikipangwa kwa mfuatano, na Mfaransa Cauchy akatoa uthibitisho. Kwa hiyo "kosa" la mtoto wa darasa la saba ni tendo halisi la hesabu. Ila si kujumlisha. Aliyesoma nadharia ya namba bila didaktiki anaijua medianti lakini hatamuuliza mtoto. Aliyesoma didaktiki bila hesabu atamuuliza, kisha atakosa la kumwambia zaidi ya "fuata kanuni".

Ndiyo maana vinasomwa pamoja.

Hasi mara hasi ni mfano mwingine, na nitaupita haraka. Muuzaji wa soko la Kenya (la hapa Lubumbashi, si nchi) akikufutia madeni matatu ya franka 500, umepata franka 1 500: ondoa mara tatu kitu kilicho hasi, matokeo ni chanya. Watoto hulielewa hilo upesi, kwa sababu deni wanalijua nyumbani. Lakini wapo wawili watatu watakaosema mfano si sababu, nao wana haki. Hao wanahitaji kuona kwamba (−1) × (1 + (−1)) ni sifuri, kwa kuwa ndani ya mabano mna sifuri. Ukifungua mabano unapata −1 + (−1) × (−1). Basi kipande cha mwisho lazima kiwe 1, vinginevyo sifuri haitoki. Huo ni ushahidi wa aljebra ya chuo ulioshushwa hadi darasa la nane. Kuushusha kunahitaji mazoezi.

Mjerumani Felix Klein, profesa wa Göttingen, aliliona tatizo hili mapema. Katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1908 kwa ajili ya walimu, alilalamika juu ya mpasuko wa mara mbili: kijana akiingia chuo kikuu hakuna kinachomkumbusha hesabu ya shule, na akirudi shuleni kuwa mwalimu hakuna kinachomkumbusha ya chuo, basi anafundisha kama alivyofundishwa yeye. Miaka imepita zaidi ya 100 na bado anatuelezea sisi.

Kijana aliogopa zaidi nilipomweleza fishi. Kila somo la staji unaliandika kabla: kumbusho, motisha, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari, mazoezi. Na juu kabisa lengo, linaloanza kwa maneno yaleyale ambayo kila mwalimu wa Kongo anayasema hata usingizini: mwishoni mwa somo, mwanafunzi atakuwa na uwezo wa... Hapo lazima uweke kitendo kinachoonekana. "Kuelewa sehemu" kunakataliwa, maana hakuna anayeona kuelewa. "Kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti" kunakubaliwa. Wengi huona ni urasimu. Mimi naona motisha na kutangaza somo mara nyingi ni tamthilia, lakini mstari wa lengo umeniokoa mara nyingi nisiingie darasani na mada badala ya kazi.

Nchi za mashariki mwetu hazifanyi tofauti sana. Tanzania na Kenya zina shahada zinazobeba sayansi na ualimu kwa pamoja. Uingereza imezoea zaidi kumaliza shahada kwanza, kisha mwaka mmoja wa ualimu.

Kuna gharama, na sikumficha. Wiki ina saa zilezile. Saa unayoipa saikolojia huipi topolojia, tawi la hesabu ya chuo. Kama moyo wake uko kwenye utafiti, aende Kasapa, asome hesabu hadi ashibe, na agregasio aiongeze njiani. Kama anajiona mbele ya darasa la saba, ISP itampeleka huko mapema, na staji ya mapema ina faida moja kubwa: swali la mtoto bado liko kichwani unapoingia kwenye somo la aljebra wiki inayofuata, na unamsikiliza profesa kwa sikio jingine.

Hajaamua. Ila aliomba nimwazime ile fishi ya sehemu, yenye wino mwekundu. Nimempa, na nimemwambia airudishe.