Mto chini ya goti: kwa nini utengamao uanze siku ile ile ya maafa

Ndugu wa majeruhi akifika wodini baada ya ajali kubwa, kitu cha kwanza anachotafuta ni mto. Mgonjwa amekatwa mguu chini ya goti, kigutu kinauma, na goti likikunjwa kidogo maumivu yanapoa. Basi mto unasukumwa chini ya goti, mgonjwa anashukuru na kupata usingizi. Wiki zinapita. Kidonda kinapona, nyuzi zinatolewa, kila mtu anamshukuru Mungu, kumbe goti limeshaganda likiwa limekunjika na halinyooki tena. Mguu bandia unataka goti linalonyooka. Fundi anapokuja na kipimo chake anakuta hana pa kuanzia.

Daktari wa upasuaji hakukosea popote, na aliyeweka mto aliuweka kwa upendo. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kupita pale kitandani siku ya pili na kusema: "Mama, naomba tuutoe huu mto. Goti lilale likiwa limenyooka, hata kama atalalamika." Maneno hayo hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji mtu anayejua, awepo wodini siku hizo za mwanzo, na hilo haliwezekani kama hakuna aliyempangia kuwepo.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi, na bado nakutana na watu wanaodhani utengamao ni mazoezi ya kunyoosha viungo baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hayo ni sehemu tu. Utengamao ni kazi yote ya kumrudisha mtu kwenye kutembea, kula, kuvaa, kuoga, kuzungumza na kujipatia riziki, na ndani yake tuko wengi: sisi wa fiziotherapia, wanaomfundisha mtu upya shughuli za kila siku, mafundi wa viungo bandia, wa matamshi, washauri nasaha. Vifaa saidizi navyo si viti mwendo peke yake. Magongo ni kifaa saidizi, na vivyo hivyo miwani, fimbo nyeupe, shime sikio (kifaa cha kumsaidia mtu asikie), mpira wa mkojo na nepi za watu wazima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha aina hii, na karibu bilioni moja wanakikosa. Hiyo ni hali ya siku za kawaida, kabla tetemeko halijapita.

Dunia ilijifunza somo hili vibaya nchini Haiti. Tetemeko la 12 Januari 2010 lilipoangusha Port-au-Prince, timu za madaktari zilimiminika kutoka kila pembe. Waliokatwa mikono au miguu walikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 4,000. Timu nyingi zilipasua, zikafunga mizigo na kuondoka, na mara nyingi mgonjwa aliachwa bila karatasi ya kueleza amefanyiwa nini, na nani amfuatilie wapi. Desemba ya mwaka huo huo wataalamu walikutana Havana, Cuba, kujadili namna timu za nje zinavyopaswa kusajiliwa na kupangwa. Viwango vya kwanza vikatoka mwaka 2013, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa viwango vya utengamao peke yake: timu inayolaza wagonjwa iwe na angalau mtaalamu mmoja wa utengamao kwa kila vitanda 20, tena aje na timu tangu siku ya kwanza, si kuitwa baadaye. Timu maalumu ya utengamao inatakiwa ikae mwezi mmoja au zaidi. Ukiuliza kwa nini mwezi, mtazame mtu aliyevunjika uti wa mgongo akijifunza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Wiki mbili hazimtoshi.

Nepal ndiko mambo yalikoonekana kwenda kwa mpango zaidi, ndiyo maana napenda kuitolea mfano. Tarehe 25 Aprili 2015, Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko kule, shule zilikuwa zimefungwa, na hilo liliokoa watoto wengi. Hata hivyo walikufa karibu watu 9,000 na kujeruhiwa zaidi ya 22,000. Tarehe 12 Mei likaja la pili la 7.3. Majeruhi wengi walikuwa na miguu iliyovunjika, na wapo waliovunjika uti wa mgongo.

Wanepali walikuwa wakilisubiri tetemeko hilo kwa miaka. Hospitali za Kathmandu zilikuwa zimefanya mazoezi ya kupokea majeruhi wengi kwa mpigo, na baadhi ya magongo na viti mwendo vilikuwa tayari stoo. Siku chache baada ya tukio kikaundwa kikundi kidogo cha uratibu chini ya Wizara ya Afya, pamoja na Shirika la Afya Duniani na mashirika ya huduma kwa watu wenye ulemavu, kazi yake ikiwa majeruhi na utengamao tu. Watu hupuuza vikao vya namna hii. Mimi pia vikao vinanichosha. Lakini fikiria maswali yaliyokuwa mezani pale. Wagonjwa wa uti wa mgongo wako hospitali zipi, na wangapi? Kituo cha majeraha ya uti wa mgongo cha Sanga, mashariki ya Kathmandu, kina vitanda vingapi vilivyobaki? Kituo kile kilipokea wagonjwa kupita uwezo wake, ikabidi nafasi ziongezwe haraka. Bila mtu wa kuhesabu na kupanga, wangerundikana mlangoni siku moja, au wangebaki wodi za kawaida ambako hakuna anayejua kuwageuza.

Kugeuza kwenyewe kunahitaji maelezo. Mtu aliyepooza kuanzia kiunoni hasikii kwamba nyama ya makalio imebanwa. Wewe na mimi tukikaa vibaya tunajisogeza bila hata kujua. Yeye hajisogezi, damu haipiti, na ndani ya saa chache ngozi inaanza kuwa nyekundu, au kukolea weusi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kisha inafunguka. Kwa hiyo kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mmoja anashika kichwa na shingo, wengine mabega, kiuno na miguu, na wote wanageuza kwa hesabu moja mwili ukienda kama gogo, bila kujipinda. Wodi yenye wagonjwa kumi wa namna hiyo na wauguzi wawili zamu ya usiku haiwezi. Ndugu wanapofundishwa siku ya kwanza, inawezekana.

Tatizo jingine la Nepal hatukulizoea kulifikiria. Mgonjwa amepona kiasi cha kutoka hospitali, lakini nyumba yake imeanguka, barabara ya kijijini imefunikwa na maporomoko, na masika yao yanaanza Juni. Aende wapi? Hospitali inataka kitanda. Ndipo zikatafutwa sehemu za katikati: mgonjwa si wa kulazwa tena, lakini anaendelea na mazoezi, anabadilishiwa bandeji na kusubiri mguu upone, huku ndugu wakijifunza kumhudumia. Kwenye mipango yetu mingi ya maafa hapa nyumbani Tanzania, sehemu ya aina hii haimo. Mgonjwa anaruka kutoka wodini hadi kwenye hema.

Sasa viti mwendo. Kila maafa yakitokea, shehena ya viti inafika, picha zinapigwa, na mimi naangalia miguu ya waliokalia. Ikining'inia bila kufika kwenye kikanyagio, kiti ni kirefu. Magoti yakipanda kifuani, ni kifupi. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili. Visipopita, ukingo unakata damu. Kiti kipana kuliko nyonga kinamfanya mtu aegemee upande mmoja siku nzima, na mgongo unafuata. Bila mto wake maalumu wa kukalia, aliyepooza atapata kidonda kwenye kiti kile kile tulichompa kwa nia njema. Na kiti chenye magurudumu madogo ya mbele, kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali, kikifika kwenye mchanga au mawe kinakwama na kumwaga mtu. Milimani Nepal, wapo ambao magongo na ujuzi wa kuyatumia viliwafaa kuliko kiti chochote.

Ndiyo maana msaada mzuri hauhesabiwi kwa makontena. Shirika la Afya Duniani lina seti ya aina 10 za vifaa saidizi kwa ajili ya dharura, iliyopelekwa Ukraine mwaka 2022, na jambo ninalolipenda ni kwamba imo mito ya kukalia na mahitaji ya haja ndogo na kubwa. Hakuna mwanasiasa atakayepiga picha akikabidhi nepi. Lakini mzee asiyezuia mkojo, aliyelala kwenye ukumbi wa shule pamoja na familia ishirini, anajua thamani yake.

Huyo mzee ananikumbusha kundi linalosahaulika kuliko yote: wale waliokuwa na ulemavu kabla ya maafa. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Saa ile watu wako kitandani. Mguu bandia haulaliwi nao; unavuliwa na kuegemezwa ukutani. Miwani iko mezani, magongo yako chini ya kitanda. Maji na tope vikiingia ndani, mtu anaokolewa kwa kubebwa, na anaokolewa bila miguu yake. Kituo cha kupokea waathirika kikimwandikia blanketi, unga na sahani, kinakuwa kimemhudumia kama wengine, ila yeye hawezi kwenda chooni. Swali moja tu kwenye fomu ya usajili, "Kuna kifaa ulichokuwa ukitumia ambacho kimepotea?", lingebadilisha hali hiyo.

Na majeraha hayafanani. Nairobi, 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kubwa la ubalozi wa Marekani kulisikika mlipuko mdogo wa guruneti. Watu maofisini wakasogea madirishani kuona kuna nini. Bomu lilipolipuka, vioo vikawaingia machoni. Walikufa watu 213 jijini humo na kujeruhiwa maelfu, na wengi walipoteza uwezo wa kuona. Utengamao wao ulikuwa fimbo nyeupe, nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole), na mtu wa kuwafundisha upya kuvuka barabara ya mji waliouzoea kwa macho. Ajali ya lori la mafuta Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa ya moto, na kuungua kuna kanuni yake chungu: mkao unaompa mgonjwa nafuu ndio utakaomlemaza. Aliyeungua shingo anataka kuinamisha kidevu, na ngozi inapopona inakivuta na kukigandisha kifuani. Majeruhi wengi wa Msamvu walihamishiwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 190. Mgonjwa anapohamishwa hivyo, maelekezo ya mkao yanapaswa kusafiri naye, yameandikwa, si kukaa kichwani mwa muuguzi aliyebaki nyuma.

Kwa kamati zetu za maafa, kuanzia mkoa hadi kijiji, ningeomba mambo ambayo hayana gharama kubwa. Mganga mkuu wa wilaya ajue leo, kabla ya lolote, ana wataalamu wangapi wa utengamao na wako wapi, kwa namba zao za simu. Mmoja wao akae kwenye kikao cha dharura tangu siku ya kwanza. Tuna bahati ya kuwa na chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Wahitimu wake wapo, ila wilaya nyingi haziwahesabu kama watu wa dharura. Stoo iwe na magongo ya saizi za watoto, maana ya watu wazima hupatikana lakini ya mtoto wa miaka saba ni kutafuta hadi kuchoka. Na kila anayetoka wodini atoke na karatasi moja: nini kilifanyika, nini asifanye, arudi wapi, ampigie nani. Nakala ibaki.

Nakala hiyo ina kazi ndefu kuliko dharura yenyewe. Kigutu cha mtu mzima husinyaa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo mguu wa kwanza utalegea na kuhitaji kurekebishwa, halafu kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mtoto ndiye zaidi. Mifupa inakua, na mguu bandia wake unaweza kuhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Aliyeupoteza akiwa na miaka sita atakuwa amevaa miguu zaidi ya kumi kufikia miaka kumi na minane. Mfuko wa maafa hufungwa mapema kuliko hapo. Kwa hiyo tunapomwandika mtoto kwenye rejista siku ile ya vumbi na ving'ora, tuandike mwaka wa kuzaliwa na simu ya mzazi, na pembeni jina la kituo kitakachompigia mwakani kumwita aje kupimwa mguu wa pili.