Si kweli kwamba kufeli pekee ndiko hufunza

Ujumbe huu haukomi kwenye magrupu ya Nairobi: "Matajiri wote walifeli kwanza. Anayefaulu mapema hajajifunza kitu."

Si kweli. Kufeli hukuonyesha njia moja isiyofaa, lakini hakukuambii inayofaa ni ipi. Kibanda cha chipsi kikifungwa Kayole, sababu inaweza kuwa kodi, bei ya mafuta au mahali penyewe, na bila daftari la mauzo na gharama mwenyewe hubaki akikisia. Utafiti wa saikolojia uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa watu maswali yenye majibu mawili tu. Walioambiwa wamekosea wangeweza kulijua jibu sahihi papo hapo, ila walijifunza kidogo kuliko walioambiwa wamepata. Kukosea huuma, na mtu akiumia huacha kusikiliza.

Kufaulu nako hufunza, mradi usisahau kwamba bahati nayo huchangia.

Tunachanganyikiwa kwa sababu wanaosimulia ni waliofika. Waulize pia waliofunga biashara wasirudi tena. Ni wengi, na hakuna anayesambaza hadithi zao.

Tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiutume mbele, hasa kwa kijana aliyetoka kupokea matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.