Guanyin wa wino mweusi: watu wanayosema na ukweli ulivyo

Mtu akiona ile michoro ya Kichina ya mtu wa joho jeupe kakaa kwenye mwamba, cha kwanza kusema ni "huyo mungu wao wa kike". Hapana jamani. Huyo ni Guanyin, na katika dini ya Kibudha ni bodhisatva, yaani aliyefikia kiwango cha kuwa Buddha ila akabaki kusaidia wanaoteseka, na kule India alikotokea, kwa jina la Avalokiteshvara, alikuwa mwanaume. Hata Uchina kwenyewe, cheki michoro ya karne ya 9 na 10 ya Dunhuang, yale mapango ya Kibudha kaskazini-magharibi mwa nchi, utamkuta na kisharubu chembamba kabisa! Sura ya kike ilimjia pole pole, ikakolea kuanzia enzi za ufalme wa Song (960 hadi 1279).

Lingine eti michoro ya wino haijaisha, msanii kaishiwa rangi. Hii ndo inanichosha. Chukua Guanyin wa Muqi, mtawa wa karne ya 13 aliyekuwa Hangzhou. Lile joho halijapakwa nyeupe popote, weupe ni hariri yenyewe imeachwa wazi, alichofanya ni kuzungushia wino mwepesi wa kijivu nyuma ya mwili na mwambani mpaka joho likajitokeza lenyewe, halafu pembeni kuna chombo chenye tawi la mwerebi, basi. Wino wenyewe ni masizi yaliyoshikanishwa na gundi ya wanyama, unausugua na maji kwenye jiwe, ukizidisha maji unapata kijivu, ukipunguza unapata weusi mzito, na kufuta hakuna, ukikosea ndo umekosea. Sasa mtu anakwambia "hata mtoto anachora", haya mpe brashi tuone.

Yule mnene anayecheka, tumbo nje, unayemwona kwenye michoro na sanamu, naye siyo Buddha mwanzilishi wa dini. Anaitwa Budai, mtawa wa kutangatanga wa Zhejiang, mkoa wa mashariki mwa Uchina, karne ya 10, watu wakaamini ni Maitreya, yule Buddha ajaye.

Halafu wengi wanadhani Muqi alikuwa staa kwao. Wapi! Mwaka 1365 mhakiki wa sanaa wa Kichina, Xia Wenyan, aliandika kwamba kazi zake ni za ovyo ovyo, hazifuati kanuni za wazee. Waliomthamini ni watawa wa Japani wa Zen, dhehebu la Kibudha, wakabeba michoro yake kwenda nayo kwao, ndo maana yule Guanyin, pamoja na mchoro wa ndege korongo na wa nyani kambeba mwanae, ni mali ya hekalu la Daitoku-ji, Kyoto, na Japani wameitangaza kuwa hazina ya taifa.