Besi na mawindo ya juu ya maji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Lubumbashi video za kuvua besi hupita kutoka simu hadi simu, hasa kwa vijana wanaokwenda Kipopo na mianzi yao mwisho wa juma. Kuna aina moja inayowagawanya watu kila mara. Kereng'ende ametulia hewani, sentimita chache juu ya maji yasiyo na upepo. Ghafla maji yanapasuka, samaki mwenye mdomo mpana anatokea mwili mzima, anamfunika yule mdudu na kuanguka naye chini. Wengine husema, "Yaya, hiyo wameitengeneza kwa kompyuta. Samaki haoni nje ya maji." Wengine huapa kwamba besi hudaka chochote kinachopita juu yake, ndege au chambo kinachoning'inia. Wa kwanza wamekosea, wa pili wametia chumvi. Ninalishughulikia jambo hili kwa sababu mvuvi akishaelewa jinsi samaki anavyoona hewa kutoka chini, hata namna yake ya kusogelea maji hubadilika.

Besi ninayemzungumzia ni yule mwenye mdomo mkubwa, Micropterus salmoides, mwenyeji wa mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Barani kwetu aliletwa na watu: Afrika Kusini mwaka 1928, ziwa Naivasha la Kenya katika miaka hiyohiyo ya 1920, Zimbabwe katika miaka ya 1930. Video nyingi tunazozitazama hutoka nchi hizo au Marekani kwenyewe.

"Samaki haoni kilicho nje ya maji"

Anaona, tena zaidi ya kivuli. Jaribu hili nyumbani. Weka kifungo cha shati chini ya sufuria, kisha rudi nyuma polepole mpaka ukingo wa sufuria ukifiche. Usisogee tena. Mwambie mdogo wako amimine maji taratibu bila kukigusa kifungo. Kitajitokeza, kwanza ukingo wake, kisha chote, kana kwamba kimeinuka. Hakijainuka. Mwanga wake umepinda ulipotoka majini kuingia hewani. Njia hiyo mwanga huipita kwenda na kurudi, kwa hiyo kama wewe umekiona kifungo, samaki aliyelala mahali pa kifungo angekuona wewe. Ndivyo besi aliye karibu na ukingo wa bwawa anavyomwona mtu anayedhani amefichwa na udongo.

Kanuni ya kupinda huku inaitwa kwa jina la Mholanzi Willebrord Snell, aliyeipata mwaka 1621. Kwa samaki matokeo yake ni makubwa. Ulimwengu wote wa juu, kuanzia upeo mmoja wa macho hadi wa pili, unabanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, lenye upana wa digrii 97 hivi. Nje ya duara hilo uso wa maji unageuka kioo, naye anaona humo matope na majani ya chini yakijirudia. Akiwa kwenye kina cha mita moja, duara hilo lina upana wa mita 2.3 hivi juu ya maji; akipanda hadi sentimita 20, linabaki la sentimita 45. Anga analoliona humo ni lilelile zima. Kinachobadilika ni ukubwa wa tundu analochungulia.

Kilicho juu kabisa ya kichwa anakiona mahali kilipo. Kilicho pembeni anakiona kimepanda juu kuliko kilipo, na kadiri kinavyokaribia usawa wa maji ndivyo kinavyosongamana kwenye ukingo wa duara. Digrii 10 za mwisho za anga, zile zinazogusana na maji, zinabanwa katika nafasi isiyofika digrii 1 ya upeo wake wa kuona, tena sehemu ya mwanga wa upande huo huruka juu ya maji bila kuingia. Hapo ndipo pa kujificha. Mtu wa mita 1.7 aliyesimama usawa mmoja na maji anahitaji kuwa mita 10 hivi kutoka kwa samaki ili aangukie katika ukanda huo. Akichuchumaa, kichwa kikawa kwenye mita moja, mita 6 zinatosha. Akipanda juu ya ukuta wa bwawa, hesabu yote inaharibika. Inanisikitisha kuona kijana amesimama wima ukutani, jua liko mgongoni, kivuli chake kimelala majini mbali kuliko hata nailoni yake ilipofika, halafu anabadilisha chambo mara tatu akidhani tatizo ni mnyoo.

Upepo ukivuma, viwimbi hulikata lile duara vipande vipande, na umbo la kitu kilicho juu huvunjika pamoja nalo. Ndiyo maana mdudu aliye hewani huwa hatarini zaidi alfajiri na jioni, maji yanapotulia, na ndiyo maana mvuvi anaweza kusogea karibu zaidi mchana wa upepo.

"Akikiona, anakidaka"

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, nami ningependa kila anayebishana juu ya zile video aanzie hapa. Kuona si shida ya besi. Shida yake ni kukamata.

Besi hakamati chakula kwa kukitia meno kwanza, anakivuta. Akimkaribia samaki mdogo, anafungua mdomo na papo hapo anapanua koo na mashavu. Nafasi ndani ya kinywa inaongezeka ghafla, maji yanaingia kwa nguvu, na yule mdogo anaingia nayo. Kisha maji yanatokea kwenye matamvua na chakula kinabaki. Yote hayo yanaisha kabla jicho la mtu halijapambanua kilichotokea. Sasa fikiria kazi hiyohiyo ikifanyika hewani. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, ndiyo sababu yanaweza kumbeba samaki mdogo na kumpeleka kooni. Hewa inayoingia katika mdomo uleule haina nguvu ya kumsogeza hata kereng'ende. Besi akishatoka majini amebakiwa na vitu viwili tu: kasi aliyotoka nayo na upana wa mdomo wake. Mkia hauna cha kusukuma, na windo likihama kidogo hawezi kulifuata.

Ongeza na ule mpindo wa mwanga. Kereng'ende aliye pembeni haonekani mahali alipo hasa. Samaki anayeruka kutoka mbali kwa mshazari analenga picha, na picha imepotoka. Akifika chini yake na kuruka wima, kosa hilo linatoweka. Wako samaki waliolimudu tatizo hili vizuri sana, kama wale wa jenasi Toxotes wa Asia Kusini-Mashariki na kaskazini ya Australia, wanaomwangusha mdudu kwa kumtemea mchirizi wa maji huku wakisahihisha ule mpindo. Besi hana silaha hiyo.

Kwa hiyo anachagua. Kereng'ende aliyetulia hewani au kwenye tete, nzi anayezunguka chini, chura kwenye ukingo wa jani: vitu vya karibu, vyepesi, vinavyokawia mahali pamoja. Ndege wadogo wanaotua kwenye mafunjo yanayolala juu ya maji nao wamewahi kuchukuliwa, na video za namna hiyo si za kutengenezwa. Ila ni matukio ya nadra. Besi mkubwa hushiba kwa samaki, kamba wa maji baridi na vyura, na karibu vyote hivyo huviwinda ndani ya maji au pale juu panapogusana na hewa.

Mwenye rekodi ya kudaka ndege anatoka upande wetu wa dunia, na ni mbenga. Simulizi za mbenga kukamata mbayuwayu wakiruka zilikuwepo tangu zamani, na wataalamu wengi hawakuziamini. Halafu watafiti wa Afrika Kusini, akiwemo Gordon O'Brien, wakawapiga picha za video mbenga wa aina ya Hydrocynus vittatus kwenye bwawa la Schroda, eneo la Mapungubwe, wakiwachukua mbayuwayu hewani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wengine walikuwa wakimfuata ndege wakiwa karibu na uso wa maji kisha wanaruka. Wengine walitoka chini moja kwa moja kumlenga. Mtazame mdomo wa mbenga uelewe. Meno yamechomoza nje, marefu, makali, yanapishana taya likifungwa. Samaki huyo hahitaji kuvuta maji. Akigusa, ameshika. Ni aina hiyohiyo ya mbenga inayopatikana katika ziwa Moero na mto Lualaba, na mtu wa Kasenga au Bukama akikusimulia habari za mbenga na ndege, msikilize vizuri kabla ya kumwita mwongo.

"Ning'iniza chambo hewani, besi atakirukia"

Mbinu hii inapendwa sana kwenye video: nailoni inapitishwa juu ya tawi, chambo bandia kinaning'inia, besi anaruka. Inawezekana. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba samaki anasogea, anasimama chini ya chambo, anakitazama, na hafanyi kitu. Mvuvi anasema hakukiona. Amekiona sana! Hajapata sababu ya kutumia nguvu nyingi kwa jambo lisilo na uhakika.

Shusha chambo kiguse maji, kipapase uso wake, kisha kiinue kidogo na kukishusha tena. Sasa umeamsha hisi nyingine. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa vitundu vinavyohisi mitikisiko ya maji, na mstari huo hauhisi chochote kilicho hewani. Mdudu anayeruka yuko kwenye macho peke yake. Mdudu aliyeanguka yuko kwenye macho na kwenye mbavu. Tazama kumbikumbi wetu mvua za kwanza zinapoanza kunyesha. Wanaruka kwa maelfu juu ya bwawa, na maji yanabaki karibu kimya. Mmoja akianguka chali, mabawa yamegandana na maji, miguu ikipiga, viduara vidogo vinaanza kuenea kutoka kwake, na hapo ndipo tilapia wanapopanda mmoja baada ya mwingine. Besi angefanya hivyohivyo. Mbinu ya tawi ina maana ikiwa chambo kinacheza kwenye mpaka wa maji na hewa.

Mengine yanayosemwa ukingoni

"Nyamazeni, mnawafukuza samaki." Wazee wengi hutuambia hivi, na kwa heshima yote, sauti ya mazungumzo haiwafikii samaki kwa kiasi cha kuwatisha. Sauti ikitoka hewani ikakutana na maji, karibu yote hurudi juu. Nguvu inayoingia ni kama sehemu moja kwa elfu. Kinachoingia bila kizuizi ni kishindo: kukanyaga ukingo kwa nguvu, kudondosha ndoo, kugonga mtumbwi kwa kasia. Hapo mzee anayekataza watoto kukimbia ukingoni ana haki kabisa.

Wanaosema samaki hajui rangi nao wamekosea kuhusu besi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jicho lake lina chembe za kupokea rangi za aina mbili, moja ya kijani na nyingine ya nyekundu. Besi waliofunzwa walitofautisha nyekundu na kijani vizuri sana, ila waliichanganya njano inayoelekea kijani na nyeupe, na buluu na nyeusi. Kumbuka tu kwamba kitu kilicho juu kikiwa kati ya samaki na anga angavu, rangi yake hufifia. Kinachobaki ni umbo jeusi na mwendo wake.

Na si kila samaki anayeruka anawinda. Wengine wanakimbia anayewawinda, na besi aliyenaswa huruka akitikisa kichwa ili ndoano itoke.

"Tungeletewa besi, mabwawa yetu yangepata uhai"

Hili nalisikia kwa vijana walewale wa video, na ndilo linalonitia hofu. Besi yumo katika orodha ya viumbe 100 vamizi vilivyo vibaya zaidi duniani, iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira. Mdomo uleule tunaoushangilia ukipasua maji humeza samaki wadogo wa asili wasiokuwa na mazoea ya mwindaji wa namna hiyo. Naivasha kulikuwa na samaki mdogo wa asili asiyepatikana kwingine, wa jenasi Aplocheilichthys. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na anayeshukiwa zaidi kummaliza ni besi.

Samaki akishaachiwa kwenye bwawa, mvua moja kubwa inatosha kumfikisha kijitoni, na kijito kumfikisha Kafubu, Luapula na Moero, kwenye samaki wanaolisha nyumba nyingi hapa mjini. Nafasi ambayo besi anaijaza Marekani huku kwetu ina wenyewe tayari: makobo mwenye mdomo mpana anawinda samaki wadogo na wadudu kwenye majani, na anayetaka samaki wa kupasua maji nyuma ya chambo cha juu, mbenga yuko Moero na Lualaba.