Completely na kabisa zinapogongana kwenye sentensi kanushi

Ukitafuta completely kwenye kamusi utapewa "kabisa", na kwenye sentensi yakinishi hutapotea. "The tank is completely empty": tangi ni tupu kabisa, halina hata tone. Shida huanza inapoingia not.

Ukimwambia mtu "Sikubaliani nawe kabisa", anaelewa kwamba hamkubaliani hata kidogo. Kabisa hapo inakazia ule ukanushaji. Sasa mwandikie "I don't completely agree with you". Atakachosoma ni kwamba mnakubaliana kwa sehemu kubwa, ila kuna jambo moja mawili yanakutatiza. Not imekanusha ukamilifu tu. Kukubaliana kumebaki palepale. Kama ulikuwa unaukataa mkataba mzima, mwenzako atajua kilichobaki ni kurekebisha kipengele. Ulipaswa kuandika "I completely disagree" au "I don't agree at all".

Kwa mgonjwa jambo hili ni zito zaidi. "The wound has not completely healed" maana yake kidonda kimepona kwa kiasi, bado kumalizika. Kama hakijaonyesha dalili yoyote ya kupona, ni "has not healed at all". Kiswahili chetu "hakijapona kabisa" kinaweza kubeba maana zote mbili, na msikilizaji hutegemea muktadha. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Kwa hiyo kila unapoona not na completely pamoja, jiulize: jambo lenyewe, kama kukubaliana au kupona, lipo hata kwa kiasi? Kama lipo, ibakize completely. Kama halipo, iondoe na uweke at all baada ya kitenzi na yambwa yake (kinachotendwa), au tumia kitenzi chenye ukanushaji ndani yake: disagree, refuse, reject. Usikimbilie "I completely don't understand". Inaeleweka, lakini masikioni mwa Waingereza wengi inakwaruza. Sema "I don't understand at all".

Mahali pa kuiweka completely: kabla ya kitenzi kikuu, "I completely forgot your name", au mwishoni, "She has recovered completely". Usiitie kati ya kitenzi na yambwa, kama "I forgot completely your name". Hilo ndilo kosa la mpangilio ninaloliona zaidi, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu "nimesahau kabisa jina lako". Na tahajia ya completely inabakiza e kabla ya -ly.

Si kila kivumishi kinaipokea. Empty, full, different, wrong na blind zinaipokea, kwa kuwa zina kikomo. Big na tall hazina kikomo, hivyo tumia very. Hoteli ikijaa, wenye lugha husema zaidi fully booked.

Na mtu akikuuliza kama unaunga mkono, nawe ungejibu "Kabisa!", jibu la Kiingereza ni "Absolutely!". Completely ikisimama peke yake hapo si kosa, ila husikika mara chache zaidi.