Fosforasi ya Mto Mwachi Hutoka Wapi?

Kila ninaporudi Mombasa kutoka Mto Mwachi nikiwa na chupa za sampuli, naulizwa swali lile lile: fosforasi, kirutubisho kinacholisha mwani, ni kiasi gani? Kipimo hicho peke yake hakisemi imetoka wapi, na pengine hutupoteza.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wakati wa kiangazi, mto ukipitisha lita 50 tu kwa sekunde na maji yakiwa na miligramu 0.8 za fosforasi kwa lita, mzigo wa siku nzima, yaani fosforasi yote inayopita, ni kama kilo 3.5. Masika yakipamba moto, mto ukapitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde na kipimo kikashuka hadi miligramu 0.3, mzigo huo huzidi kilo 500. Anayesoma chupa bila kupima mtiririko atadhani mvua imeusafisha mto.

Chanzo kisichokoma, kama bomba la maji taka, hujitokeza maji yanapopungua kwa kuwa hakuna cha kukizimua. Kinachopanda pamoja na mafuriko kwa kawaida kimekokotwa na udongo wa mashamba, mapito ya mifugo na kingo zilizobomoka. Ndiyo maana mimi huchuja maji papo hapo mtoni, kwa chujio lenye matundu madogo mno ya mikroni 0.45. Likigeuka kahawia, na maji yaliyopita yakatoa buluu hafifu tu yanapotiwa dawa ya molibdeti, inayoonyesha fosforasi iliyoyeyuka kwa rangi hiyo, najua sehemu kubwa imesafiri na tope. (Chupa zioshwe kwa asidi, sabuni ya unga iliwahi kuniharibia kazi ya siku nzima.)

Mama mmoja aliyekuwa akifua aliniuliza, "Mwanangu, ni sabuni yangu hiyo?" Boroni, iliyomo katika baadhi ya sabuni za unga, husaidia kujibu, ila ina mpaka: maji ya bahari yana takribani miligramu 4.5 za boroni kwa lita, hivyo bahari inapojaa na kupanda kutoka hori ya Port Reitz, kipimo hicho hakifai.

Bwawa linalojengwa Mwachi ili kuipatia Mombasa maji linaupa mzigo wa masika uzito zaidi. Tope litatua humo, na oksijeni ikiisha kilindini, fosforasi iliyoshikwa na chuma itaachiliwa na kulisha mwani. Mtambo wa maji taka hauzuii mzigo huo; matuta ya mashambani na majani ya kingoni huupunguza, hasa yakitangulia kabla bwawa halijajaa.